Mfuniko wa Bluu

Juzi nilimnunulia binti yangu pakiti ya makapeni, zile kalamu nene za wino wa rangi, pale sokoni Nachingwea, na kabla hajazigusa nikafanya kile ninachokifanya kila mara bila kufikiri: nilifungua moja nikainusa. Harufu ileile. Utamu usio wa kitu chochote kinacholiwa, kama pipi iliyoyeyukia kwenye karatasi yake, na nyuma ya utamu huo ukali kidogo wa dawa. Muuzaji alicheka, akaniuliza kama nataka kuzinunua au kuzinywa. Nilimlipa. Kwangu harufu ile si ya shule wala ya michoro. Ni harufu ya gari la mizigo lililojaa ufuta, vumbi jekundu linaloingia dirishani, na mdogo wangu Twalibu anayepumua kwa mluzi.

Tuliishi Malolo. Wenzangu wa rika langu mliokulia vijijini huku mtakumbuka kwamba rangi hazikuwa kitu cha kununuliwa. Tulichora ukutani kwa mkaa, tukachora uwanjani kwa kijiti, na aliyetaka wekundu alipondaponda tofali. Kwa hiyo siku shangazi yangu, dada yake baba, alipotuletea pakiti ya makapeni kutoka kwenye kibanda chake cha vifaa vya shule Nachingwea, sikuthubutu hata kuifungua mbele ya watu. Niliibeba hadi nyuma ya nyumba, nikachutama, nikazitazama kupitia nailoni, zimelala bega kwa bega kama watoto kwenye mkeka mmoja.

Shangazi alikuwa mtu wa kuvitunza vitu, na hakuondoka bila kunifundisha. Alinionyesha kwamba kalamu ya namna hii haikandamizwi kama penseli; ukiikandamiza, ncha yake inaingia ndani na haitoki tena. Alinikataza kupaka njano juu ya nyeusi ambayo haijakauka, kwa sababu njano itabeba uchafu wa nyeusi na haitakuwa njano tena. Ukimaliza unarudisha mfuniko mpaka usikie mlio, kisha unailaza, huisimamishi, ili wino usikimbilie upande mmoja. Na ikikauka, alisema, usiitupe. Alichukua moja ya zamani aliyokuja nayo, akang'oa kizibo cha nyuma kwa meno, akavuta kitu kilichokuwa ndani.

Nilitegemea kuona wino ukimwagika kama maji. Badala yake ulitoka utambi mnene, laini, umevishwa karatasi ya nailoni nyembamba, umelowa rangi toka mwanzo hadi mwisho. Ndipo nikaelewa kwa namna yangu ya kitoto. Kalamu ilikuwa kibatari. Utambi unanyonya wino kama utambi wa kibatari unavyonyonya mafuta ya taa, na ncha ndiyo mahali moto unapowaka. Shangazi alidondoshea utambi ule matone machache ya maji yaliyochemshwa yakapoa, akaurudisha, akaisimamisha kalamu kichwa chini ndani ya kikombe. Baadaye iliandika. Rangi ilikuwa imefifia, lakini iliandika.

Kitu kimoja tu kilinikera. Kila mfuniko ulikuwa na tundu kichwani. Kama ncha haitakiwi kupigwa na hewa, tundu la nini? Niliamua kwamba waliotengeneza kalamu zile walifanya kazi ya haraka, au shangazi aliuziwa mzigo wenye kasoro naye akaona aibu kusema. Nilijaribu kuyaziba matundu kwa nta ya mshumaa. Haikushika. Plastiki ile ilikuwa nyororo, na nta ikipoa ilibanduka ikadondoka kama gamba la kidonda. Nilijaribu tena na tena, mwishowe nikakata tamaa.

Kwa Twalibu, tundu lile halikuwa kasoro hata kidogo. Alikuwa mdogo bado, wa kubebwa mgongoni akichoka, na hakujali sana michoro yenyewe. Alichokipenda ni mifuniko. Aligundua kwamba ukiubana mfuniko midomoni ukapuliza, unapiga mluzi mwembamba, na tangu hapo nyumba nzima haikuwa na utulivu. Aliwapigia mluzi kuku, mbuzi wa jirani na bibi akiwa kwenye swala. Mama alimnyang'anya mara kwa mara, naye alirudi kuutafuta, na siku zote aliutaka wa bluu.

Siku yenyewe ilikuwa ya mavuno ya ufuta. Baba alikuwa Mtwara kwenye kazi ya ujenzi. Mama na bibi, mama yake baba, walikuwa uani wakipiga matita ya ufuta juu ya turubai, punje zikimiminika kwa sauti kama mvua ndogo. Mimi nilikuwa kibarazani nachora kwenye kipande cha boksi. Twalibu alisimama kando ya turubai na mfuniko wa bluu mdomoni, akiwapigia mluzi vifaranga waliokuja kudonoa. Jogoo aliruka kutoka kwenye matita, akapita karibu kabisa na uso wake. Twalibu alishtuka, akavuta pumzi kwa nguvu. Mluzi ukakatika.

Kisha alianza kukohoa. Si kikohozi nilichokijua. Alikohoa mwili mzima, macho yamemtoka, mikono imekamata shingo yake mwenyewe, na mama alikuwa ameshamfikia kabla sijasimama. Alimwinamisha, akampiga mgongoni kwa kiganja, akamtia kidole mdomoni, asikute kitu. Ghafla kikohozi kilitulia, naye Twalibu akavuta hewa. Hapo ndipo tulipousikia mluzi tena. Safari hii ulitoka ndani yake. Alipovuta pumzi ulilia, alipotoa ukalia, mwembamba, wa mbali, kama ndege aliyefungiwa ndani ya gunia.

Bibi alikwenda jikoni akarudi na tonge la ugali. Aliongea Kimwera kitupu, kama alivyofanya kila alipoogopa, na sisi sote tulimwelewa: mtoto ameze tonge kubwa bila kutafuna, litasukuma kile kitu kishuke tumboni, kama mwiba wa samaki. Alipiga magoti mbele ya Twalibu akamshika kidevu. Mama alimkamata bibi mkono. Sijui kama ninyi mnaosoma mnaelewa uzito wa jambo lile. Mama alikuwa mtu wa kupiga goti akimsalimia bibi kila asubuhi. Sijawahi kumsikia akimbishia, hata pale bibi alipokosea waziwazi. Sasa alikuwa amemshika kifundo cha mkono, na hakuuachia.

"Hapana, mama," alisema. "Anapumua. Tusiongeze kitu."

Bibi aliutazama mkono ule ulioshikwa, kisha akamtazama mama. Tonge lilidondoka. Aliinuka, akatupa mgongo, na mama akamfunga Twalibu kifuani kwa kanga, ameketi wima, akatoka mbio kuelekea zahanati. Nilimfuata. Makapeni zilikuwa bado mkononi mwangu, na ile ya bluu haikuwa na mfuniko.

Nesi wa zahanati alikuwa peke yake, na katika chumba cha pili kulikuwa na mama anayejifungua ambaye sauti yake tuliisikia ukutani. Alimsikiliza Twalibu kwa kile kifaa cha masikioni, akamwomba mama aeleze, akaniomba mimi nimwonyeshe kalamu. Halafu alipiga simu. Nilimsikia akieleza, akinyamaza, akieleza tena. Gari la wagonjwa lilikuwa limempeleka mgonjwa mwingine. Lakini kulikuwa na bahati moja: daktari wa masikio na koo alikuwa Nachingwea kwa siku chache, amekuja kuwaona watu wa huku, na angetusubiri. Nesi alitoka barabarani mwenyewe, akalisimamisha gari dogo la mizigo lililokuwa likipeleka ufuta, akazungumza na dereva. Dereva alikuwa mtu mzima mwenye kofia ya kufuma, jina lake Mzee Chande. Hakuuliza chochote. Aliufungua mlango tu.

Kabla hatujaondoka nesi alimshika mama mabega akampa maelekezo, naye alirudia kila moja. Mtoto asile wala asinywe. Asilazwe. Asipigwe mgongoni maadamu hewa inapita. Na zaidi ya yote asilie, kwa sababu akilia atavuta pumzi kubwa, na kile kitu kinaweza kugeuka kikaziba njia yote. Kisha aliinama kwangu. Alikuwa ameona kwamba Twalibu ametulia tangu niliposimama karibu yake.

"Wewe ndiye wa kumfanya asilie," aliniambia. "Hiyo ndiyo kazi yako mpaka mfike."

Tulikaa mbele, mama katikati, Twalibu ameketi mapajani mwake akinitazama, mimi dirishani. Gari lilipoanza kurukaruka kwenye matuta ya barabara Twalibu alikunja uso, mdomo ukaanza kutetemeka, na mluzi ukapanda. Sikuwa na karatasi. Boksi langu lilibaki kibarazani. Nilivuta mkono wa gauni nikaunyoosha mkono wangu mbele yake, nikachora jogoo juu ya kifundo. Kichwa chekundu, mkia wa kijani. Gari liliruka, mguu mmoja wa jogoo ukarefuka hadi kwenye kiwiko. Twalibu aliufuata ule mguu kwa macho. Mdomo uliacha kutetemeka.

Hivyo ndivyo tulivyokwenda. Yeye hakuweza kusema, kwa hiyo alichagua kwa kidole, akigusa kalamu aliyoitaka, nami nilichora. Nilichora nyumba yetu na mbuzi wa jirani. Nilichora bibo la njano na korosho yake chini, nikamchora Mzee Chande na kofia yake, na dereva akageuza shingo kidogo kutazama akasema kwamba pua yake haikuwa kubwa hivyo. Alisema kwa upole, kama mtu anayeongea msikitini. Nilipomaliza mkono wa kushoto niliendelea kwenye mapaja, kisha kwenye mikono ya Twalibu mwenyewe. Mama aliniacha nichore. Mama ambaye wiki ileile alikuwa amenigombeza kwa sababu ya doa moja la wino kwenye kanga yake.

Taabu ilikuwa kalamu ya bluu. Twalibu aligusa hiyo kila baada ya rangi mbili au tatu, na bila mfuniko upepo wa dirishani ulikuwa unaikausha. Niliifunika kwa kidole gumba. Ilipoanza kukwaruza bila kuacha rangi, sikuwa na maji ya kuchemsha wala kikombe, kwa hiyo niliitia ncha mdomoni, nikailowesha kwa mate kama mtu anayelowesha uzi wa sindano. Iliandika. Ilipokauka niliitia tena. Ladha yake ilikuwa chungu, haikufanana hata kidogo na harufu yake.

Tulikuwa tumeshapita Nandagala gurudumu la nyuma lilipopasuka.

Mzee Chande aliliegesha gari pembeni, akashuka, akachungulia. Alikuwa na tairi la akiba. Lakini gari lilikuwa limejaa magunia mpaka juu na pale kando ardhi ilikuwa kichanga, jeki ikazama badala ya kuinua. Alitafuta jiwe la kuweka chini yake. Jiwe nalo likazama. Ndani ya gari joto lilipanda upesi, na pale ambapo mwendo wa gari ulikuwa umemchangamsha Twalibu, utulivu ule sasa ulimletea usingizi. Kichwa chake kilianza kulegea. Mama alimwinua kidevu. Kikalegea tena. Mluzi wake ulikuwa umebadilika. Ulikuwa mfupi na wa harakaharaka, na katikati yake kulikuwa na mwanya wa kimya.

Hapo ndipo nilipoona midomo yake. Ilikuwa ya bluu.

Naomba mniamini ninapowaambia kwamba nilifurahi. Nilijitazama kwenye kioo cha pembeni cha gari, nikaona midomo yangu na meno yangu, bluu vilevile kwa sababu ya ile kalamu. Yote yalieleweka mara moja. Mfuniko ulikuwa na wino ndani yake, wino ulikuwa umelowa kwa mate yake, sasa ulikuwa unatoka. Pengine mfuniko wenyewe ulikuwa karibu kufuata. Nilishika ncha ya kanga ya mama, nikailowesha ulimini, nikaanza kumfuta Twalibu midomo, taratibu, huku nikimwimbia wimbo wa kuogeshea watoto.

"Ni rangi tu, mama," nilisema. "Hii inafutika."

Mama alinitazama usoni. Nakumbuka alivyonitazama, kwa muda, kama anayesoma kitu kilichoandikwa kwa herufi ndogo. Kisha aliitikia kwa kichwa. "Mfute," alisema. "Endelea kumwimbia, asilale." Akafungua mlango wa upande wa pili, akatoa kichwa nje, na kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kabla, tulivu kuliko inavyotakiwa, alimwambia Mzee Chande kwamba hatuna muda.

Upande wa pili wa barabara watu walikuwa wanavuna ufuta. Mzee Chande aliwaita. Walikuja wakikimbia, wanaume na wanawake, wengine na miundu mikononi, na alipowaeleza hawakujadili. Walipanda nyuma, wakayatupa magunia chini moja baada ya jingine, gari likipungua uzito na kuyumba huku mimi naimba. Kisha walijipanga pembeni, wakakamata bodi ya gari kwa mikono mitupu, wakaliinua. Kupitia dirishani niliona uso wa mwanamke mmoja karibu kabisa na wangu, mishipa ya shingo imemsimama, macho yake kwa Twalibu. Mzee Chande alifunga tairi. Gari liliposhushwa alitazama ule mzigo wa ufuta uliolala kando ya barabara. Haukuwa wake, ulikuwa wa tajiri wake. Hakuwajua wale watu, nao hawakumjua. Aliingia ndani akawasha gari, na mwanamke yule akapiga kelele kwamba wao wapo hapo hadi jioni, aende.

Bila mzigo gari liliruka zaidi, lakini lilikimbia. Hewa iliingia tena dirishani. Twalibu alifungua macho nusu, akanyoosha kidole, akaigusa kalamu ya bluu. Niliitia mdomoni nikamchorea kuku kiganjani mwake. Mstari ulitoka hafifu, ukakatika, ukatoka tena. Niliilowesha mpaka mdomo wangu ukakauka. Sikumbuki tulivyoingia Nachingwea. Nakumbuka kiganja tu.

Daktari alikuwa mwanamke mfupi mwenye kandambili za plastiki, na alikuwa amesimama nje akitusubiri, si ndani. Alimpokea Twalibu kutoka kwa mama akatembea naye upesi, huku akiuliza maswali, na mtu mwingine akamwekea Twalibu mrija wa hewa puani. Mlangoni mwa chumba cha upasuaji alisimama. Alikuwa ameniona mikono.

"Nionyeshe mfuniko mwingine kama ule," aliniambia.

Nilimpa wa kijani. Aliugeuza, akaupima kati ya vidole, akaushika juu kwenye mwanga akachungulia kupitia tundu la kichwani. Alimwonyesha mwenzake, yule wa kuwapa wagonjwa dawa ya usingizi. Alisema kwamba hewa inapita hapo, ndiyo maana tumefika. Kisha, kwa kuwa nilikuwa nimekodoa macho, aliniambia kwamba tundu lile huwekwa makusudi na wanaotengeneza kalamu, kwa ajili ya mtoto atakayevuta mfuniko kooni. Mlango ulifungwa.

Nilikaa chini, mgongo ukutani. Nilifikiria nta. Nilifikiria jinsi nilivyokasirika ilipokuwa ikibanduka. Nilitaka kumwambia mama lakini sikupata mahali pa kuanzia, na yeye hakuwa akinitazama. Alikuwa amekaa kwenye benchi, mikono ikiikunja kanga, ikiikunjua, ikiikunja tena. Shangazi alifika kutoka kibandani kwake, pumzi juu. Aliketi kando ya mama bila kumsalimia, akaweka mkono wake juu ya mikono ile, ikatulia. Walikaa hivyo. Watu walipita na ndoo, na vyakula vya wagonjwa, mtu mmoja alicheka kwenye simu, na kila kiatu kilichokaribia ule mlango kilitufanya sote watatu tuinue vichwa.

Kisha tulisikia kilio.

Kilitoka nyuma ya mlango, kimekwaruza, kimekasirika, kikubwa kuliko mtoto mwenyewe. Mlango ulifunguliwa na daktari akatuambia kwamba mfuniko umetoka. Ulikuwa umekaa juu, karibu na kisanduku cha sauti, na kooni kuna mkwaruzo utakaopona. Tuliingia. Twalibu alikuwa ameketishwa kitandani, machozi na kamasi, akilia kwa nguvu zake zote, na midomo yake ilikuwa ya rangi ya midomo. Nilikimbilia kumnyamazisha. Kazi yangu haikuwa imeisha, hivyo ndivyo nilivyodhani. Mama alinishika bega akanirudisha nyuma. Hakumbembeleza, hakumwambia nyamaza. Alipiga magoti kando ya kitanda, akaegemeza paji la uso kwenye godoro, na kwa muda mrefu akamwacha alie.

Tuliporudi Malolo, baada ya daktari kuridhika, Mzee Chande ndiye aliyetuchukua. Alitueleza njiani kwamba alilikuta kila gunia limesogezwa chini ya kivuli na kufunikwa majani ya ufuta. Nyumbani bibi alikuwa amesimama barabarani. Niliogopa, kwa ajili ya mama, maana nilikuwa sijasahau ule mkono. Mama naye alianza kupiga goti kabla hajafika karibu. Bibi alimwahi. Alimshika viwiko akamzuia kushuka, na kinyume cha desturi yetu sote, ni yeye mkubwa aliyeanza kumsalimia mdogo. Alimwita mwanangu. Kisha alichukua mzigo uliokuwa kichwani kwa mama, akautia kichwani mwake mwenyewe, akatangulia kwenda nyumbani. Nyuma ya nyumba ufuta wetu wote ulikuwa umeshapigwa, umepepetwa, umefungwa.

Michoro ilichukua muda kunitoka mikononi. Makapeni ziliisha moja baada ya nyingine, na zilipoisha nilivuta tambi zake nikazilowesha mpaka maji yakatoka meupe. Twalibu leo ni mtu mzima, anauza vipuri vya pikipiki Ruangwa mjini. Sauti yake ina mkwaruzo kidogo na wateja wanadhani anavuta sigara. Hakumbuki kitu. Ukimsimulia anacheka, anauliza jogoo yule aliishia wapi.

Mimi niliijua maana ya midomo ya bluu miaka mingi baadaye, kwenye kliniki, nikiwa na binti yangu mchanga mgongoni, muuguzi alipokuwa akitufundisha akina mama dalili za mtoto aliyekosa hewa. Nilitoka nje kabla hajamaliza. Wiki hiyohiyo nilikwenda Malolo. Nilimkuta mama anachambua mbaazi, nikakaa naye, nikaanza kuchambua pia, kisha nikamuuliza kama siku ile alijua.

Alisema alijua tangu midomo ilipoanza kubadilika, kabla sijaiona mimi. Nikamuuliza kwa nini aliniacha niseme ni rangi, kwa nini aliniacha nifute.

"Ulikuwa unaimba," alisema. "Na yeye alikuwa anakutazama mdomoni. Ningekuambia nini?"

Aliendelea kuchambua. Nilidhani amemaliza. Kisha aliniambia kwamba njia nzima hakuwahi kuitazama barabara. Alijaribu kusali, akasahau maneno, hata yale aliyoyajua tangu utotoni. Alikuwa anautazama mkono wangu tu, na ile kalamu inavyokauka, akimwomba Mungu kitu kimoja, wino usiishe.